UZI: Milango ya fahamu kwa undani. Kipokezi kinafanya nini, na fahamu ikipotea imekatikia wapi?

#1 Kizingiti

Wakuu, salaam.

Maswali ya macho, masikio, pua na ulimi mara nyingi hujibiwa kwa kutaja majina ya sehemu: konea, lenzi, retina, basi. Mtu anaweza kuchora jicho zima bila kukosea mshale hata mmoja, na bado akashindwa kueleza kwa nini mafua humfanya aone chakula hakina ladha ilhali sukari ulimini imebaki tamu vilevile. Nafungua uzi huu ili kila mlango wa fahamu tuuendee kwa swali moja: taarifa imekatikia wapi?

Safari ina vituo vinne. Kuna njia inayokifikisha kichocheo kwenye kipokezi: konea na lenzi kwa mwanga, kiwambo cha sikio na vifupa vitatu kwa sauti, mate kwa ladha, ute wa pua kwa harufu. Halafu kuna kipokezi chenyewe. Kisha neva inayobeba habari, na mwisho ubongo unaoifasiri. Hitilafu ya kituo cha kwanza mara nyingi hurekebishika: miwani, kutoa nta, kuondoa mtoto wa jicho. Ya kituo cha pili ndiyo ngumu kwa jicho na sikio, kwa sababu kwa binadamu seli hizo zikifa hazioti tena. Pua na ulimi vina habari yake, tutafika.

Sasa kipokezi. Chenyewe hakioni wala hakisikii. Kazi yake ni kugeuza nishati ya nje kuwa badiliko la umeme kwenye utando wa seli, kwa kufungua au kufunga chaneli za ioni (vitundu vinavyopitisha chembe zenye chaji). Badiliko hilo hupanda na kushuka kufuatana na ukubwa wa kichocheo. Likivuka kizingiti, uzi wa neva hupiga mipigo, na mipigo yote ni ya kimo kimoja. Kwa hiyo ubongo hujua kichocheo ni kikubwa kwa mambo mawili: mipigo mingapi inaingia kwa sekunde, na nyuzi ngapi zimeamka kwa pamoja.

Na aina ya fahamu inatokana na nini? Inatokana na neva inakoishia. Johannes Müller alilisema hili katika karne ya 19, na unaweza kulithibitisha sasa hivi: fumba jicho, bonyeza polepole sana kope upande wa nje karibu na sikio. Utaona duara la mwanga, tena upande wa puani. Ulichotumia ni mgandamizo, si mwanga, lakini retina iliyosukumwa hupeleka habari kwenye eneo la kuona, nalo halina lugha nyingine. Duara linatokea upande wa pili kwa sababu taswira hutua kwenye retina ikiwa imegeuzwa, na ubongo umezoea kuigeuza tena. (Aliyefanyiwa upasuaji wa jicho au mwenye jicho linalouma asijaribu.)

#2 Mtahiniwa

Shukrani mkuu. Maswali mawili. Kugusa kunahesabiwa kwenye fahamu maalumu au la? Na kwa nini ukivaa saa mkononi unaihisi dakika ya kwanza tu, lakini jino likiuma halizoeleki?

#3 Kizingiti

Kugusa hakumo. Fahamu maalumu ni kuona, kusikia, msawazo wa mwili, kuonja na kunusa. Zote ziko kichwani na zinabebwa na neva za fuvu, zinazotajwa kwa namba za Kirumi: ya I harufu, ya II kuona, ya VIII kusikia na msawazo, na ladha inagawanywa kati ya VII, IX na X. Wengi husahau msawazo kwa sababu hesabu ya kale ni milango mitano. Kugusa, joto, baridi, maumivu na hisia ya kujua kiungo kiko wapi ni fahamu za jumla, zimetapakaa mwili mzima.

Kuhusu kuzoea: inategemea umbo la kipokezi. Ngozini kuna vinne vya mguso vya kukumbuka. Vya Merkel na Ruffini huendelea kupiga muda wote ngozi inapobanwa au kuvutwa. Vya Meissner na Pacini hupiga mguso unapoanza na unapoisha, katikati vinanyamaza. Cha Pacini ni kizuri kukisoma kwa sababu ncha ya neva imefunikwa tabaka juu ya tabaka kama kitunguu. Ukikibana, tabaka huteleza na kulisambaza kani, ncha ikaachwa bila mgandamizo. Ukiyavua matabaka hayo kwenye maabara, ncha ileile huitikia kwa muda mrefu zaidi. Ndiyo maana hicho ni hodari wa mtetemo, hasa Hezi 200 hadi 300, na si wa mgandamizo uliotulia.

Vipokezi vya maumivu havina koti hilo, ni ncha tupu, na havizoei kirahisi. Vikikaa kwenye kemikali za uvimbe kizingiti chao hushuka: kitu ambacho jana hakikuuma, leo kinauma. Maumivu pia huja kwa mawimbi mawili. La kwanza kali hupita kwenye nyuzi za A-delta kwa mita 5 hadi 30 kwa sekunde, la pili zito linalounguza hupita kwenye nyuzi za C zisizo na mielini (ala ya mafuta inayoharakisha mipigo), mita 0.5 hadi 2 tu.

Joto nalo lina chaneli zake. TRPV1 hufunguka joto likipita takribani nyuzi 43 za Selsiasi, na hufunguka vilevile kwa kapsaisini ya pilipili. TRPM8 hufunguka kwa ubaridi na kwa mentoli. Kwa hiyo pilipili "inaunguza" na mentoli "inapoza" bila kipimajoto kusogea hata kidogo. David Julius na Ardem Patapoutian walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021 kwa kazi ya chaneli hizi na za mguso.

#4 Mboni

Nichukue jicho.

Kituo cha kwanza: jicho la mtu mzima lina urefu wa milimita 24 hivi kutoka mbele hadi nyuma, na nguvu yake ya kupinda mwanga ni kama dayopta 60. Watu wengi hudhani lenzi ndiyo inayofanya kazi kubwa. Hapana, ni konea, dayopta 43 hivi, kwa kuwa hapo ndipo mwanga unatoka hewani na kuingia kwenye kitu kizito. Fungua macho chini ya maji uone ukungu: maji yamekaribiana sana na konea kwa namna yanavyopinda mwanga, nguvu ya konea karibu yote imepotea.

Lenzi kazi yake ni kurekebisha. Ukitazama karibu, msuli wa siliari unajikaza, nyuzi zinazoishika lenzi zinalegea, lenzi inajaa na kuwa mviringo. Msuli ukilegea, nyuzi zinavutwa, lenzi inakuwa bapa kwa kuona mbali. Mitihani inapenda sana hapa kwa sababu akili hutaka iwe kinyume. Kuanzia miaka 40 hadi 45 hivi lenzi inakuwa imekakamaa, msuli unajikaza lakini umbo halibadiliki tena, ndipo mtu anaanza kusogeza maandishi mbali. Asiyeona mbali tatizo lake kwa kawaida ni urefu wa jicho: milimita 1 ya ziada ni sawa na dayopta 2.5 hadi 3 za miwani.

Kituo cha pili, retina. Vipokezi vyake ni vya aina mbili, koni na fimbo. Koni zinakaribia milioni 6, fimbo ni zaidi ya hapo mara nyingi, katika kiwango cha milioni 100. Koni ni za rangi na za mwanga wa kutosha, nazo ziko tatu kwa aina: zenye kilele karibu na nanomita 420, 530 na 560. Katikati kabisa ya fovea (kidoa cha retina unachokitumia ukikazia macho kitu) kuna koni peke yake, fimbo hakuna. Ndiyo sababu nyota hafifu ukiikazia macho inapotea, ukitazama kando yake kidogo inarudi.

Fimbo ikipigwa na mwanga inaamka, inatoa kemikali nyingi kwenye sinapsi, na neva inapata habari.

#5 Zamda

Mboni, sentensi yako ya mwisho irekebishe kabla wanafunzi hawajainakili. Ni kinyume kabisa.

Fimbo iko macho gizani. Gizani chaneli zake zinashikiliwa wazi na cGMP (kemikali ndogo ya ndani ya seli), sodiamu inaingia, volti ya seli inakaa karibu na milivolti -40, na glutamati, kemikali ya kupashia habari, inamwagika mfululizo. Mwanga unaizima. Hatua ni hizi: fotoni (chembe ya mwanga) inapiga retinali iliyo ndani ya rodopsini, protini ya fimbo inayonasa mwanga, retinali iliyopinda inanyooka, rodopsini inaamsha protini ya transdusini, transdusini inaamsha kimeng'enya cha fosfodiesterasi, nacho kinaikatakata cGMP. Chaneli zinafunga, volti inashuka kuelekea -70, glutamati inapungua. Kupungua huko ndiko habari yenyewe. Kila hatua inazidisha iliyotangulia, rodopsini moja inaamsha transdusini nyingi, kiasi kwamba fotoni moja inatosha kuitikisha fimbo.

Gharama yake ni muda. Retinali iliyonyooka lazima ipelekwe kwenye tabaka la seli zenye rangi nyuma ya retina, ikapindwe upya na kurudishwa. Ukiingia gizani kutoka kwenye mwanga mkali, koni zinamaliza kuzoea ndani ya dakika 10 hivi, fimbo zinachukua nusu saa au zaidi. Na retinali hutengenezwa kutokana na vitamini A: ikipungua mwilini, dalili ya mwanzo ni kutoona usiku. Neva nzima, lenzi nzima, kipokezi kipo, ila hakina malighafi. Taa nyekundu haiharibu mazoea ya giza kwa sababu fimbo karibu hazifyonzi mwanga mwekundu.

#6 Mboni

Nimekubali, asante Zamda, sentensi ile isomeke kama alivyoeleza hapa juu.

Niongeze vituo viwili vilivyobaki. Nyuzi zote za retina, kama milioni 1 hivi kwa jicho, hutokea kwenye tundu moja, na hapo hapana fimbo wala koni. Kupata doa hilo: chora msalaba na nukta kwenye karatasi, vikiwa mbalimbali kwa sentimita 8, nukta upande wa kulia. Funika jicho la kushoto, kaza la kulia kwenye msalaba, karatasi iwe sentimita 30 kutoka usoni, isogeze mbele na nyuma kidogo. Nukta inatoweka ikiwa kwenye pembe ya nyuzi 15 hivi upande wa nje wa unachotazama. Anayeshindwa kwa kawaida anahamisha jicho kufuata nukta, au amefunika jicho lisilo sahihi.

Kujua imekatikia wapi nyuma ya jicho, pima uwanda wa kuona. Kaeni uso kwa uso, umbali wa mita 1. Yeye afunike jicho moja, wewe ufunike lililo mkabala nalo, akukazie macho, kisha leta vidole kutoka pembeni katikati yenu na linganisha anapoviona na unapoviona wewe. Jicho moja tu likiwa na upungufu, kosa liko mbele ya makutano ya neva za macho. Akipoteza pande zote mbili za nje, kosa liko kwenye makutano yenyewe, maana nyuzi zinazovuka ni zile za upande wa puani, na jirani wa hapo ni tezi ya pituitari: uvimbe wake hubana kutoka chini. Akipoteza nusu ileile kwa macho yote mawili, mathalani nusu ya kushoto, kosa liko nyuma ya makutano upande wa kulia.

Kipimo kingine ninachokithamini kuliko vyote, kwa kuwa hakimtegemei mgonjwa kusema lolote: tochi. Chumba kiwe hafifu, mgonjwa atazame mbali, mulika jicho moja sekunde 2 hadi 3, hamia la pili haraka, rudi. Kwa mzima mboni zote hubaki zimesinyaa. Ukimulika jicho bovu na mboni zikatanuka, neva ya jicho hilo, au retina yake kwa eneo kubwa, imeumia. Mtoto wa jicho hata awe mzito vipi haleti dalili hiyo, kwani mwanga bado unapenya, umetawanyika tu. Kosa la wapimaji ni kumruhusu mgonjwa aitazame tochi. Akitazama karibu mboni husinyaa zenyewe na kipimo kimeharibika.

#7 Mtahiniwa

Na presha ya macho inakaa kituo kipi?

#8 Mboni

Chanzo kiko mbele, madhara yako kituo cha tatu. Maji ya jicho hutengenezwa na siliari, mikrolita 2 hadi 3 kwa dakika, hupita kwenye mboni na kutokea pembeni ambapo konea inakutana na irisi, kupitia wavu mwembamba na mfereji wa Schlemm. Kawaida presha ni milimita 10 hadi 21 za zebaki. Njia ya kutokea ikiziba au ikiwa nzito, presha hupanda na nyuzi za neva hufa pale zinapotokea. Huanza kwenye uwanda wa pembeni, bila maumivu kwa aina iliyozoeleka, na jicho moja humfichia mwenzake. Dawa hushusha presha na kuokoa nyuzi zilizobaki. Zilizokufa hazirudi. Wapo pia wanaoumia neva kwa presha iliyo ndani ya kawaida, kwa hiyo kupima namba bila kutazama neva hakutoshi.

#9 Fuawe

Sikio sasa, na hapa hoja ya vituo inaonekana wazi kuliko kokote.

Tatizo la kwanza ambalo sikio linalazimika kulitatua ni la fizikia. Sauti iko hewani, vipokezi viko majini. Sauti ikigonga maji moja kwa moja, asilimia 99.9 ya nishati hurudi ilikotoka, hasara ya desibeli 30 hivi. Sikio la kati linafidia karibu yote. Eneo la kiwambo linalofanya kazi ni kama milimita za mraba 55, bamba la kikuku, kifupa cha mwisho, ni 3.2. Kani ileile ikilundikwa kwenye eneo dogo hivyo, mgandamizo unazidi mara 17. Vifupa viwili vya kwanza, nyundo na fuawe, vinafanya wenzo wa mara 1.3. Jumla ni mara 22 hivi. Majimaji yakijaa nyuma ya kiwambo, au vifupa vikiachana, fidia hiyo ndiyo inayopotea. Uziwi wa njia pekee hauvuki desibeli 60 hivi, kwani zaidi ya hapo mfupa wa fuvu wenyewe hupeleka sauti kwenye koklea, ndani kabisa ya sikio, vilipo vipokezi. Ukiona uziwi mkubwa kuliko huo, kuna kingine zaidi ya njia.

Koklea ni mrija uliojizungusha mara 2.5 hivi, ukinyooshwa ni milimita 35. Chini, karibu na kikuku, utando wake ni mwembamba na umekazwa, unaitika sauti za juu. Kileleni ni mpana na umelegea, unaitika za chini. Georg von Békésy alipata Nobel mwaka 1961 kwa kuonyesha wimbi linavyosafiri humo. Vipokezi vyenyewe ni seli nywele. Za ndani ni 3,500 tu, na hizo ndizo zinazopeleka karibu habari yote kwenye ubongo. Za nje ni 12,000 hivi, kazi yake ni nyingine: hurefuka na kufupika kwa mdundo wa sauti na kuuongezea nguvu mtetemo. Ni vikuza sauti vilivyo hai. Sauti ambazo seli hizo huzitoa zenyewe zinapofanya kazi hiyo hunaswa kwa maikrofoni ndogo, na ndicho kipimo cha masikio ya watoto wachanga.

Umeme wake ni wa ajabu. Majimaji yanayozunguka vinywele yana potasiamu nyingi na volti ya milivolti +80, ndani ya seli ni hasi, -45 hadi -60. Tofauti hiyo inasukuma potasiamu ndani mara tu kinywele kinapoinama na kuvuta vijiuzi vinavyofungua chaneli. Kwa hiyo seli haingoji mlolongo wa kemikali kama fimbo ya jicho. Inaitika kwa mikrosekunde.

Ubaya: chaneli hizo hizo zinaingiza jentamisini (dawa ya kuua bakteria) na jamii yake. Seli nywele za nje hufa kwanza, tena zilizo chini, kwa hiyo sauti za juu hutangulia kupotea kabla mtu hajagundua. Kumpa mtu jentamisini pamoja na furosemaidi (dawa ya kukojoza) kunaongeza hatari. Kelele nazo huanza kuchimba karibu na Hezi 4,000. Kipimo kinachotumika sana kazini: desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unakatwa nusu. 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 100 ni dakika 15. Msuli wa kikuku hujikaza kulinda, lakini huchelewa makumi ya milisekunde, hivyo mlio wa ghafla kama wa bunduki umeshapita.

#10 Zamda

Fuawe, fafanua na kipimo cha uma wa sauti, watu wanakichanganya sana.

#11 Fuawe

Tumia uma wa Hezi 512. Wa 128 unasikika kama mtetemo mfupani, mgonjwa atajibu anachohisi badala ya anachosikia. Ugonge kwenye kiwiko au goti, usiupige mezani, maana mlio unachafuka.

Vipimo ni viwili, Rinne na Weber, na pamoja hutenganisha uziwi wa njia na ule wa koklea au neva. Rinne: weka kitako cha uma kwenye mfupa nyuma ya sikio, ukibonyeza imara. Akisema mlio umekwisha, uhamishe haraka matawi yawe sentimita 2 hivi mbele ya tundu la sikio. Mzima ataendelea kuusikia, kwa sababu hewa na vifupa hushinda mfupa. Asiposikia tena hewani, njia imeziba.

Weber: kitako katikati ya kipaji cha uso. Mlio uko wapi? Uziwi wa njia unauvuta upande mbovu, uziwi wa koklea au neva unausukuma upande mzima. Ukitaka kuhakikisha, ziba sikio lako moja kwa kidole na uvume kwa pua: sauti inahamia kwenye sikio lililozibwa.

Mtego: sikio lililokufa kabisa linaweza kukupa Rinne inayofanana na ya njia iliyoziba. Mgonjwa anasikia mlio wa mfupani kwa sikio la pili, kwani fuvu ni moja, na hewani hasikii kitu. Weber ndiyo inayoumbua, maana mlio utakwenda upande mzima. Usifanye kimoja bila kingine. Na uziwi wa ghafla wa upande mmoja ambao Weber imeupeleka upande mzima ni jambo la dharura la siku hiyohiyo, si la kusubiri mafua yaishe.

Wazee wengi husema "nasikia ila sielewi". Ni kweli tupu. Irabu ziko kwenye sauti za chini ambazo bado anazo. S, f na t ziko juu ambako seli zimekufa. Ukimpigia kelele unaongeza irabu tu. Sema taratibu, mbele ya uso wake.

#12 Mtahiniwa

Ulimi: ile ramani ya tamu mbele, chungu nyuma, bado ifundishwe?

#13 Harufu

Isifundishwe. Ilitokana na mchoro wa mwaka 1901 wa Hänig, aliyepima tofauti ndogo za wepesi wa kuhisi kati ya sehemu na sehemu, kisha wengine wakausoma kana kwamba sehemu nyingine hazihisi kabisa. Kila eneo lenye vionja huhisi ladha zote tano: tamu, chumvi, chachu, chungu na umami (ladha kama ya mchuzi wa nyama). Katikati ya mgongo wa ulimi hisia ni ndogo kwa sababu papila (vinundu vya ulimi) nyembamba zilizojaa hapo hazina vionja, kazi yake ni kukwaruza.

Kionja kimoja kina seli 50 hadi 100 zinazoishi siku 10 hivi, ndiyo maana ulimi ulioungua hurudi. Chumvi huingia moja kwa moja kwenye chaneli ya sodiamu, chachu ni ioni za haidrojeni, tamu na umami hutumia vipokezi vya T1R viwiliviwili, na chungu ina familia ya T2R ya karibu 25, kwa kuwa sumu ni za maumbo mengi. Kavu ya mdomo peke yake inaweza kuua ladha: kisichoyeyuka hakifiki kipokezini.

Lakini anayesema "nimepoteza ladha" mara nyingi amepoteza harufu. Ladha ya kina ya chakula hupanda kutoka kooni kwenda puani unapotafuna na kutoa pumzi. Mtenganishe hivi: sukari, chumvi, ndimu, kwinini ulimini, pua ikiwa imebanwa. Akizitambua, ulimi ni mzima, nenda puani.

Binadamu ana aina 400 hivi za vipokezi vya harufu, kila seli ikibeba aina moja, na harufu moja huamsha mchanganyiko wa aina kadhaa. Linda Buck na Richard Axel walizigundua jeni hizo mwaka 1991, wakapata Nobel 2004. Tofauti na sikio, hapa kipokezi ndicho neva yenyewe, kichwa chake kiko nje kwenye ute na mkia wake unapenya mfupa wenye vitundu kuingia kwenye fuvu. Inaumia kirahisi, lakini pia inazaliwa upya kwa wiki kadhaa hadi miezi. Pigo la kisogo likitikisa ubongo, mikia hiyo hukatwa kwenye vitundu kama uzi kwenye makali.

Kupima: tundu moja la pua kwa wakati, macho yamefumbwa, kahawa, karafuu au sabuni. Usitumie amonia wala siki kali. Hizo huwasha neva ya V, ya mguso na maumivu ya uso na pua, na mtu asiye na harufu kabisa atashtuka na kusema amenusa. Tena hapo una njia ya kumjua anayejifanya: akikana hata amonia, jiulize.

Virusi vya korona kwa sehemu kubwa havikuziua neva hizi, vilishambulia seli za jirani zinazozitegemeza, kwa kuwa ndizo zenye ACE2, protini ambayo virusi hivyo huishika ili kuingia kwenye seli. Ndiyo maana wengi walirudi ndani ya wiki chache. Kwa waliochelewa kuna mazoezi: harufu nne (waridi, ndimu, karafuu, mikalitusi), kila moja sekunde 10 hadi 20, asubuhi na jioni, wiki 12 au zaidi. Kosa ni kuvuta kwa nguvu mara moja na kuacha baada ya wiki mbili.

#14 Mtahiniwa

La mwisho. Mbona kusafisha sikio kwa maji baridi kunaleta kizunguzungu? Na mtu anayeona dunia inazunguka kila akijigeuza kitandani?

#15 Fuawe

Yote mawili ni mifereji mitatu ya nusu duara. Kichwa kikigeuka, majimaji yake hubaki nyuma na kuinamisha kiwambo laini chenye seli nywele. Jirani zake, utrikuli na sakuli, wana fuwele za kalisi kabonati juu ya vinywele, na hizo huhisi mvutano wa dunia na mwendo wa kunyooka.

Fuwele zikibanduka na kuangukia mfereji wa nyuma, kila ukijilaza zinateleza na kuyasukuma majimaji. Kizunguzungu huanza baada ya sekunde chache, hakifiki dakika moja, na macho hurukaruka. Tiba ni kumgeuza mgonjwa hatua kwa hatua ili fuwele zitoke kwenye mfereji. Kwa sikio la kulia: akae, kichwa kigeuzwe nyuzi 45 kulia, alale chali haraka kichwa kikining'inia kidogo ukingoni, asubiri sekunde 30 au hadi macho yatulie. Kichwa kigeuzwe nyuzi 90 kushoto, asubiri tena. Mwili mzima ubingirike kwa ubavu wa kushoto, uso ukiangalia sakafu, asubiri. Aketi taratibu. Mara nyingi inashindikana kwa sababu hatua zimeharakishwa na fuwele hazijapata muda wa kusafiri. Mwenye shingo mbovu asifanyiwe. Kizunguzungu kisichokatika kwa saa nyingi, au chenye kuona viwili, ulimi mzito au mguu kukosa nguvu, si fuwele, ni hospitali mara moja.

Maji baridi: mfereji wa pembeni uko karibu na tundu la sikio. Maji yakiupoza upande mmoja, majimaji ya hapo yanakuwa mazito na kuzama, mkondo unaanza, na ubongo unaambiwa kichwa kinageuka wakati kimetulia. Madaktari hulitumia hilo makusudi, maji ya nyuzi 30 za Selsiasi na ya 44, kila moja ikiwa nyuzi 7 kutoka 37, ili kupima kama mfereji uko hai. Wewe unayetoa nta tu, pasha maji yafike 37, elekeza mkondo kwenye ukuta wa juu na nyuma wa tundu, kamwe si moja kwa moja kwenye kiwambo, na usianze kabla hujajua kwamba kiwambo hakina tundu.